Waliomlilia Nairobi

Somo: 2 Samweli 11:22 mpaka 12:13

Nawasalimu ninyi mlio jikoni mkingoja maji yachemke, na ninyi mlio katika mashamba ya chai kule juu Kericho na Bomet hali ukungu haujaondoka, na ninyi wa huku kwetu Soin, ambako jua huwa limekwisha kuchoma kabla ya saa tatu. Chamgei.

Leo nataka tuzungumze juu ya mwanamke mmoja aliyeuawa mwezi wa Aprili mwaka 2020. Jina lake ni Nairobi. Hakuzaliwa Kenya wala hakupata kufika Kenya, na kusema kweli hakuzaliwa mahali popote, kwa maana alikuwa mtu wa kubuniwa katika mchezo wa televisheni. Lakini wale waliomlilia walikuwa watu wa kweli, na baadhi yao hukaa katika mabenchi ya nyuma ya kanisa letu kila Jumapili.

Kwa ajili ya wazee ambao hawakuuona mchezo huo, nieleze kwa ufupi. Ulitungwa Uhispania na Álex Pina, na kwa Kihispania huitwa La casa de papel, yaani nyumba ya karatasi. Vijana wetu wanaujua kwa jina la Money Heist. Ulianza kuonyeshwa katika televisheni ya Uhispania mwaka 2017, kisha kampuni ya Netflix ikauchukua na kuueneza duniani kwa njia ya mtandao. Ni hadithi ya wezi waliovaa mavazi mekundu na vinyago vya mchoraji Salvador Dalí. Ili wasijuane majina yao ya kweli, kila mmoja alijiita jina la mji: Tokyo, Berlin, Moscow, Rio, Helsinki, na mmoja, aliyeigizwa na Alba Flores, akajiita Nairobi. Huyo ndiye aliyesimamia uchapaji wa noti katika wizi wa kwanza, na uyeyushaji wa dhahabu ya Benki ya Uhispania katika wizi wa pili.

Nairobi alikuwa mchangamfu, mwenye kucheka na kuwatia wenzake moyo. Alikuwa pia mama aliyenyang'anywa mtoto wake na serikali kwa sababu ya makosa yake mwenyewe. Polisi wakaijua habari hiyo, wakaitumia. Walimleta mtoto nje ya benki, na mama aliposogea dirishani amwone, mlenga shabaha akampiga risasi. Hapo ndipo ilipokomea sehemu ya tatu, mwezi wa Julai 2019, na watazamaji wakangoja karibu miezi tisa wajue kama atapona. Sehemu ya nne ilitolewa Ijumaa tarehe 3 Aprili 2020. Wenzake wakampasua wao wenyewe humo benki, huku daktari akiwaelekeza kutoka mbali. Akapona. Watazamaji wakashusha pumzi. Kisha mkuu wa walinzi wa benki akampiga risasi ya kichwa, na safari hii hakuamka.

Basi, kilio kikawa kikubwa. Netflix yenyewe ilikadiria kwamba nyumba milioni 65 zingeitazama sehemu hiyo katika majuma manne ya kwanza. Watu waliwakasirikia watunzi: kwa nini mumponye ndipo mmwue? Wengine waliapa kwamba hawatautazama mchezo huo tena. Sisi Wakenya tulikuwa na taabu yetu ya pekee, kwa sababu ya jina. Yule ni Nairobi, na mji mkuu wetu ni Nairobi. Ashukuriwe Mungu aliyetupa Kiswahili, maana silabi moja ilitosha kututenganishia mambo: Nairobi amekufa, huyo ni mtu, Nairobi imefungwa, huo ni mji. Nao ulifungwa kweli. Tarehe 6 Aprili, siku tatu tu baada ya sehemu ile kutolewa, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba hakuna mtu atakayeingia wala kutoka Nairobi na vitongoji vyake, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Yuko mama mmoja wa huku kwetu, ambaye kusikia kwake kumepungua, aliyewasikia vijana njiani wakisema Nairobi amekufa, akaangusha mzigo wake wa kuni. Watoto wake watatu walikuwa huko mjini. Walichukua muda kumtuliza.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema na mkali, aliwakemea vijana wale wa KAYO. Aliwauliza, "Mnamlilia mwizi?" Kijana mmoja akamjibu kwa heshima, "Mzee, kama ungalimwona mtoto wake pale nje, nawe ungalilia." Mzee akanyamaza, kisha akaondoka akitikisa kichwa. Baadaye akaja kwangu kushtaki.

Nilimwambia mzee yule jambo ninalowaambia ninyi leo: sikuona dhambi katika machozi yale. (Mchezo wenyewe una sehemu zisizofaa watoto, wazazi mnielewe, hilo ni somo la siku nyingine.) Na kuhusu kumlilia mwizi, Bwana wetu msalabani alikuwa na neno jema kwa mwizi aliyetundikwa kando yake. Mtu anayeweza kulia kwa ajili ya mwenye dhambi hajapotea mbali. Swali langu lilikuwa jingine, na ndilo lililonipeleka katika somo letu.

Nabii Nathani alipotaka kumkemea mfalme Daudi, hakuanza na sheria ya Musa. Alianza na hadithi. Alimsimulia habari za watu wawili wa mji mmoja, tajiri na maskini. Tajiri ana makundi ya kondoo na ng'ombe. Maskini ana mwana-kondoo mmoja tu, jike, aliyemnunua akamlea pamoja na watoto wake, akala chakula cha bwana wake na kunywea kikombe chake, akawa kama binti nyumbani. Akaja mgeni kwa tajiri, naye tajiri akawaonea uchungu kondoo zake, akamchukua yule mmoja wa maskini, akamchinja. Daudi kusikia hayo hasira yake ikawaka. Akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa, na kwamba lazima alipe mara nne.

Sasa, ndugu zangu, rudini nyuma mistari michache, mwishoni mwa sura ya 11, maana mara nyingi tunaisoma sura ya 12 peke yake na kuipoteza nguvu yake. Pale mjumbe anafika kutoka vitani na habari kwamba Uria Mhiti amekufa. Uria alikuwa mtu wa kweli, askari mwaminifu, jirani ambaye nyumba yake ilionekana kutoka darini kwa mfalme. Daudi alikuwa amekula naye na kunywa naye siku chache tu zilizopita. Naye ndiye aliyeandika barua ya kumwua. Anasema nini aliposikia? Anampelekea Yoabu ujumbe asilione jambo hili kuwa baya, kwa kuwa upanga hula huyu na huyu. Maana yake, vita ndivyo vilivyo, endelea na kazi. Habari ya kifo cha Uria ilipita masikioni mwa mfalme kama habari ya bei ya mahindi.

Mtu huyo huyo, kinywa hicho hicho, kwa kondoo wa hadithi anaapa kwa jina la Bwana. Kwa askari aliyekufa kweli hana hata chozi moja. Kondoo yule hakupata kuishi! Nathani alimtunga, kama vile Wahispania walivyomtunga Nairobi. Na Nathani hakumwambia mfalme, "Ewe mjinga, unakasirikia kondoo wa hadithi." Aliiacha hasira ipande mpaka juu, kisha akaigeuza ielekee mahali pake, akamwonyesha mfalme kwamba mtu yule ni yeye mwenyewe. Ndipo kwa mara ya kwanza Uria akawa na uzito moyoni mwa Daudi.

Hili si jambo jipya katika kanisa. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, Mwafrika mwenzetu Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, na baadaye askofu wa Hipo, aliandika habari za maisha yake katika kitabu cha Maungamo. Anasimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa Karthago katika shairi la Virgili, aliyejiua kwa ajili ya mapenzi. Wala hakujililia mwenyewe, ambaye alikuwa akifa mbali na Mungu. Alipokua akapenda sana michezo ya jukwaani. Augustino anaeleza hila yake vizuri kuliko mtu mwingine ninayemjua: pale jukwaani mtazamaji haitwi kusaidia, anaitwa kuhuzunika tu, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyomsifu mwigizaji. Tulikisoma kitabu hicho chuoni tukiwa tunakimbilia mtihani, na wakati huo sikukiona kina nguvu. Mtu anahitaji kuzika watu kwanza.

Angalieni jinsi kilio cha hadithi kilivyo chepesi. Nairobi alipokufa hakuna aliyetakiwa kuchimba kaburi. Hakuna aliyechota maji, wala kukopesha sufuria, wala kuchanga karo ya mtoto aliyebaki. Na tulimjua. Tulionyeshwa uchungu wake kwa saa nyingi, wenye kamera wakatusogezea uso wake karibu mpaka tukaona mdomo unavyotetemeka. Jirani hatusogezewi uso wake. Twamwona akipita na mkokoteni wa miwa, twamwuliza habari, anasema nzuri, basi.

Tena, wa hadithi hurudi. Mwaka 1893 Mwingereza Arthur Conan Doyle alimwua mpelelezi wake Sherlock Holmes katika hadithi iliyochapishwa na gazeti la Strand la London. Wasomaji walighadhibika, wengi wakaacha kulinunua gazeti lile, na mwaka 1903 mwandishi akamrudisha, ati hakufa. Hata Nairobi alionekana tena katika sehemu ya tano mwaka 2021, katika kumbukumbu za wenzake. Watu walifurahi kumwona.

Sasa niwarudishe Aprili 2020, huku kwetu. Makanisa yalikuwa yamefungwa. Amri ya kutotoka nje ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, tangu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Matanga yalikatazwa, na maziko yakaruhusiwa watu 15 tu, wa jamaa ya karibu. Katika juma lile lile Nairobi wa Uhispania alipoliliwa, juma la kuelekea Pasaka, nilimzika mtu wa huku Soin, mkulima wa miwa na mahindi, aliyekufa kwa ugonjwa wa sukari. Wanawe wawili na binti yake walikuwa Nairobi, na Nairobi imefungwa. Wakaomba washikiwe simu juu ya kaburi waone. Mpwa wa marehemu akaishika. Mtandao ukakatika tulipokuwa tukiteremsha jeneza, ukarudi udongo umekwisha kujaa. Nilisoma ibada nikiwa nimefunika mdomo, nikaifupisha, maana chifu alikuwa amesimama pale akihesabu watu, naye alikuwa akifanya kazi yake. Mjane alikaa kwenye kiti cha plastiki, na viti vya kulia na vya kushoto kwake vilikuwa vitupu. Nimezika wengi, lakini kaburi lenye ukimya namna ile sikuwa nimeliona.

Silaumu sheria ile. Ililinda watu, na mwaka ule tulikuwa na hofu ya haki. Tarehe 18 Julai Korona ilimchukua Charles Bukeko, yule aliyetuchekesha tangu mwaka 2007 katika Citizen kama Papa Shirandula, mlinzi wa lango aliyemficha mkewe kazi anayoifanya. Siku ile walikufa wawili pamoja, mtu na mhusika wake, na hakukuwa na mtunzi wa kukasirikiwa. Alizikwa baada ya siku mbili tu nyumbani kwao Busia. Mtu aliyejulikana Kenya nzima, naye pia hakupata kuzikwa kwa namna ambayo tungalimzika mwaka mwingine.

Lakini wapenzi, sheria ile ilituzuia kwa muda. Mwezi wa Julai 2020 Nairobi ilifunguliwa, magari yakaanza kusafiri. Makanisa nayo yakafunguliwa, kwanza watu 100 na kwa saa moja tu, wazee wa zaidi ya miaka 58 na watoto chini ya 13 wakibaki nyumbani. Baadaye vizuizi vikaondolewa vyote. Tukarudia harusi tulizoahirisha. Tukarudia harambee. Sherehe za kuwatoa vijana jandoni tukazifanya kwa nguvu mpya. Je, tulirudi katika nyumba zile zilizozika peke yao? Desturi yetu ni kwamba jirani akifiwa, watu huenda. Hukaa naye. Hawasemi mengi, lakini wanakaa. Nyumba zile zilikosa hilo, na miaka ikapita juu yake. Kule kwenye kambi za mashamba ya chai jambo lilikuwa gumu zaidi, kwa maana mchumaji akifa mwili husafirishwa Kisii au Vihiga au Siaya, na wenzake waliochuma naye mstari mmoja kwa miaka kumi hawakuweza kwenda hata mmoja. Nyumba yake ya kambi ikapewa mtu mwingine kabla ya mwezi kwisha.

Mwaka jana nilifungua kitabu cha maziko cha parokia yetu, nikaangalia tangu mwisho wa Machi 2020. Mbele ya kila jina niliona jinsi mwandiko wangu ulivyokuwa wa haraka. Nikawaita vijana wale, ambao sasa baadhi yao wana watoto wao wenyewe, nikawaambia nawahitaji wale hasa waliomlilia Nairobi. Walicheka. Walidhani nimekuja kuwakumbusha aibu ya zamani. Nikawaambia la, nataka macho yale yale. Nikawapa jina la nyumba ya yule mkulima wa miwa.

Walikwenda wanne, siku ya Jumamosi mchana, na kilo mbili za sukari, majani ya chai na unga. Mama yule mwanzoni hakuelewa wamekuja kwa shida gani. Aliuliza, "Nani amekufa?" Wakamwambia, "Tumekuja kwa ajili ya mzee." Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani akatoka na kibuyu cha mursik, akawamiminia. Halafu akaanza kusimulia, wala hakuanza na ugonjwa. Alianza na siku mzee alipomwona kwa mara ya kwanza sokoni Kapsorok akiuza mtama, akajifanya mnunuzi, na kumbe hakuwa na senti mfukoni. Akasimulia ng'ombe waliotolewa. Akasimulia mwaka ambao miwa iliungua yote, na mzee akaenda kufanya kibarua katika mashamba ya chai mpaka mtoto wa kwanza akamaliza shule. Vijana wanasema walijua habari za mzee yule tangu utoto wao, yaani walijua kofia yake na baiskeli yake. Walirudi giza limeingia. Mmoja wao aliniambia kwamba alilia, na kwamba aliona haya kidogo, kwa sababu mama mwenyewe hakuwa akilia wakati huo. Alikuwa akicheka ile habari ya mtama.

Katika kitabu chetu cha mwaka ule, kati ya Machi na Julai, kuna majina kumi na moja. Tumekwisha kwenda nyumba saba. Moja tulikuta imefungwa, watu wamehamia kwa jamaa zao Bomet, nasi tumeandika barua kwa kanisa la huko. Zimebaki tatu, na akina mama wa kanisa wamesema hizo ni zao. Ninyi mnaonisikiliza katika makanisa mengine, mchungaji wenu naye ana kitabu kama hicho, huenda kiko kabatini chini ya vitabu vya ubatizo. Mwombeni akifungue mwaka 2020 awasomee majina.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyesimama kaburini kwa Lazaro ukalia ingawa ulijua utakalotenda, wakumbuke waliozika watu wao bila majirani. Utuonyeshe njia ya kwenda kwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.